Walioshika Taa

Mwaka 1889, katika kiwanja kilichokuwa pembezoni mwa Paris, jirani na msitu wa Boulogne, mtu mmoja alifungwa balbu ndogo za umeme kwenye viungo vyake, kisha akaambiwa atembee gizani kuielekea kamera iliyoachwa wazi. Picha iliposafishwa, kilichosomeka kwenye kioo hakikuwa sura ya mtu bali michirizi myeupe, inapanda na kushuka kwa kila hatua. Wenyewe waliiita matembezi ya mgonjwa, yalivyoonekana kwa mbele. Kwa kawaida hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa picha ya kwanza ya kuchora kwa mwanga, na walioipiga hawakuwa na habari yoyote na uchoraji.

Kiwanja kilikuwa chini ya Étienne-Jules Marey, profesa wa Collège de France, akisaidiwa na Georges Demenÿ. Kilianza kazi mwaka 1882 kwa ajili ya kuchunguza mwendo wa viumbe: watu, farasi, ndege. Marey alikuwa daktari, na kwake jicho la binadamu lilikuwa shahidi asiyeaminika. Kabla hajaigusa kamera alikuwa ameshaunda chombo cha kufungwa kwenye kifundo cha mkono, chenye sindano inayochora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Alipoichukua kamera aliitaka ifanye kazi ileile ya sindano. Mwaka 1882 aliunda bunduki ya picha iliyopiga picha 12 kwa sekunde, akaenda nayo Napoli kulenga ndege wakiruka. Majirani wa huko walimwona punguani: mtu anashinda na bunduki begani na hata ndege mmoja haanguki. Mwaka uliofuata alimvisha mtu nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni, akambandika utepe mweupe kwenye mikono na miguu, akamtembeza mbele ya ukuta mweusi. Mtu akatoweka, utepe ukabaki. Balbu za 1889 zilikuwa hatua ya mbele kidogo tu kutoka hapo.

Jambo lenyewe si geni kwa aliyekulia penye jiko la kuni. Usiku unachomoa kijinga, unakizungusha, kinageuka pete ya moto, mpaka mama anapiga kelele ukitupe. Jicho huushika mwanga kwa muda mfupi sana, basi mkono ukisimama pete inakufa. Kamera haina haraka hiyo. Shata ikiachwa wazi, kioo au filamu hukusanya kila mwanga unaopita mbele yake, ukarundikana juu ya ule uliotangulia, na giza haliongezi wala halifuti kitu. Kitu chochote kinachopita upesi bila mwanga wa kutosha hakiandikwi. Ndiyo sababu katika picha ya Louis Daguerre ya barabara ya Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, barabara yenye pilikapilika za mchana inaonekana kama imehamwa. Watu na magari ya farasi walipita haraka mno kwa kamera iliyohitaji dakika kadhaa. Anayeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama kusafishiwa viatu.

Kwa Daguerre kutoweka huko kulikuwa kasoro. Kwa Marey na Demenÿ ndiko kulikotakiwa: mwili upotee, taa ibaki. Kilichokuwa kinakosekana ni taa yenyewe, maana mshumaa haufungiki kwenye goti. Balbu za Joseph Swan na Thomas Edison zilianza kuonyeshwa hadharani mwishoni mwa miaka ya 1870, na mwongo mmoja baadaye zilikuwa tayari zimefika mwilini mwa yule mtu wa Paris. Nimeifuatilia historia hii kwa muda, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyoona kwamba kamera ndani yake ni abiria. Dereva ni taa. Kila taa mpya iliyozoeleka nyumbani ilizaa picha za namna mpya, na mara nyingi aliyeishika hakuwa msanii.

Angalia balbu zilikokwenda baadaye. Zilihama kutoka kwenye viungo vya mtembeaji zikahamia kwenye vidole vya mfanyakazi.

Frank Gilbreth alizaliwa Maine, Marekani, mwaka 1868. Mwaka 1885, akiwa na miaka 17, aliingia kazini kama mwanafunzi wa uashi. Kilichomshangaza siku za mwanzo ni kwamba hakuna mafundi wawili waliolaza tofali kwa namna moja. Kibaya zaidi, fundi yuleyule alikuwa na mwendo mmoja akifanya kazi peke yake, mwingine akiwa na haraka, na wa tatu akimwelekeza mwanafunzi. Alipokuja kuwa mkandarasi alikaa na jambo hilo miaka. Alitengeneza jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, ili fundi asiiname chini kwa kila tofali, akapanga na udongo na matofali mahali pa kufikiwa kwa mikono miwili kwa pamoja. Miondoko 18 ya kulaza tofali moja ikashuka hadi 5, na fundi aliyekuwa akilaza matofali 120 kwa saa akafikia 350.

Mwaka 1904 alimwoa Lillian Moller, ambaye baadaye alipata udaktari wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1915. Nyumba yao ilijaa watoto 12 na kamera. Wanawe wawili waliandika baadaye kwamba baba yao aliwahi kuleta mpiga picha nyumbani ili achukue filamu ya watoto wakikatwa mafindofindo, mradi mwendo wa daktari usipotee bure. Kazi ilipokwisha, ikabainika kwamba kifuniko cha lenzi hakikuondolewa.

Karibu na mwaka 1914 mume na mke hao walikuwa wameigeuza balbu kuwa chombo cha kiwandani. Mfanyakazi alivishwa pete yenye taa ndogo sana kwenye kidole. Shata ilifunguliwa, akafanya kazi yake mara moja toka mwanzo hadi mwisho, shata ikafungwa. Nyuma yake paliwekwa ukuta uliochorwa miraba, ili kila mpindo wa mwanga upimike. Kisha wakaongeza ujanja mmoja ambao kwangu ndio wa kuvulia kofia. Waliukatakata umeme wa ile taa kwa vipindi maalumu, mstari ukageuka mlolongo wa vitone. Kwa kuwa balbu huwaka upesi na kuzimika polepole, kila kitone kilianza kinene kikaishia na ncha, na ncha hiyo ilielekea kule mkono ulikokuwa ukienda. Picha moja iliyotulia ikawa inaeleza njia, muda na upande. Walipiga pia kwa kamera ya macho mawili, wakapata kina, wakakunja waya kuufuata mwanga ule ule. Waya ulipigiliwa kwenye ubao kama mzizi uliong'olewa, mwanafunzi akaupitishia kidole mpaka mkono wake ukazoea njia.

Miongoni mwa waliovishwa taa walikuwemo wapiga taipu, madaktari wa upasuaji, wacheza gofu, wakunjaji wa leso. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake kazi hiyo iliwafikia pia askari waliopoteza viungo, kutafuta namna ya kuwarudisha kazini na mkono uliobaki.

Mafundi wa viwandani hawakulipokea jambo hili kwa shangwe, na sioni kwa nini walipaswa kulipokea hivyo. Mwaka 1911, huko Watertown, Massachusetts, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali waligoma kwa sababu ya saa ya kupimia kazi, saa iliyoletwa na wafuasi wa Frederick Taylor. Gilbreth alipenda kusema yeye hapimi muda kama Taylor, yeye anaondoa uchovu. Yawezekana. Lakini mtu aliyekuwa na ujuzi wake kidoleni, ujuzi ambao tajiri hakuweza kuuchukua bila kumchukua na yeye, sasa alikuwa ameuacha kwenye picha, na picha inabaki ofisini yeye akirudi nyumbani. Picha hizo hutajwa kwa kazi: mkunjaji wa leso, mpiga taipu. Jina la mwenye mkono ni nadra kulikuta.

Hata hivyo ni picha nzuri mno. Mwenye mkono mwepesi huacha duara laini, linajirudia juu ya lile la kwanza. Anayejifunza huacha fundo la nyuzi. Ukiniambia nichague moja ya kutundika ukutani kati ya picha zote za kuchora kwa mwanga, nitachukua ya yule mkunjaji wa leso, nimwache hata Picasso, ambaye tutamkuta mbele.

Frank alifariki mwaka 1924. Wenye viwanda waliomsikiliza mume hawakuwa tayari kumsikiliza mjane, hivyo Lillian akauelekeza ujuzi ule jikoni, mahali ambapo hakuna aliyebisha kwamba mwanamke ana la kusema. Alihesabu hatua kati ya jiko, sinki na meza, akazipunguza. Ndoo ya taka inayofunguka kwa kukanyaga na rafu za ndani ya mlango wa jokofu ni vitu ambavyo hutajwa kuwa vya kwake.

Wasanii walifika wamechelewa. Man Ray, Mmarekani aliyekuwa akiishi Paris, mwaka 1935 alikaa mbele ya kamera yake mwenyewe, akafungua shata, akachora hewani kwa kurunzi ya ukubwa wa kalamu. Ilitokea picha ya sura yake iliyofunikwa na mizunguko isiyo na mpango, na kwa zaidi ya miaka 70 watu waliitazama hivyo, kama mchezo wa mistari. Mwaka 2009 mpiga picha Ellen Carey, aliyekuwa profesa wa upigaji picha katika Chuo Kikuu cha Hartford, aliishikia picha hiyo kioo cha kujitazamia. Ndani ya mizunguko akasoma sahihi ya Man Ray. Mtu anayeandika akiielekea kamera maandishi yake hutoka kinyume, basi sahihi ilikuwa imekaa pale siku zote, wazi kabisa, imegeuka tu.

Kisha akaja Gjon Mili, na hapa mkondo wa maabara na mkondo wa sanaa ukakutana katika mtu mmoja. Alizaliwa Korçë, Albania, mwaka 1904, akahamia Marekani mwaka 1923, akasomea uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT. Aliajiriwa na kampuni ya Westinghouse, kwenye kazi za taa. Alifanya kazi pia na Harold Edgerton, bingwa wa taa ya kumweka ambayo hugandisha risasi ikiwa hewani. Toka mwaka 1939 Mili alikuwa akipigia picha jarida la Life. Alifunga taa kwenye viatu vya wachezaji wa kuteleza kwenye barafu, akazima ukumbi, wakaruka.

Mwaka 1949 jarida lilimtuma kwa Pablo Picasso, Vallauris, kusini mwa Ufaransa, ambako mzee alikuwa amezama katika kufinyanga vyungu. Mili alimwonyesha zile picha za barafuni. Picasso hakuwa mtu wa kupewa amri na mpiga picha: alikubali kutoa dakika 15, ajaribu tu. Alipoona kilichotoka alirudi tena na tena, vikao vikafika vitano.

Mpango ulikuwa mwepesi. Chumba giza, kamera mbili, moja mbele na moja ubavuni, shata wazi, kitaa kidogo mkononi mwa Picasso. Katika picha iliyosifika kuliko zote, amechora kiumbe cha hadithi za Wagiriki, nusu mtu nusu farasi, kwa mstari mmoja usiokatika. Taa ya kumweka ya Mili ilimulika mara moja, ikamnasa Picasso mwenyewe katikati ya mchoro wake, macho yametoka. Hebu lifikirie tendo lile: anachora kitu asichokiona. Alikopitisha mkono sekunde nne zilizopita hakuna alama, na bado mstari wa mwisho lazima ukutane na wa kwanza hewani. Mzee wa miaka 60 na ushee aliuweza kwa sababu mkono ulishamchora fahali na farasi mara zisizo na hesabu. Gilbreth angemvisha pete bila kusita. Picha hizo zilichapishwa katika Life Januari 1950, na jumba la sanaa la MoMA, New York, likazionyesha.

Baada ya hapo kwa muda mrefu mambo yalienda taratibu. Katika miaka ya 1970 Eric Staller, aliyesomea usanifu majengo, alizunguka mitaa ya New York usiku akiwa na kamera na fataki za kushika mkononi, akachora mifereji ya moto kando ya barabara tupu. Wapo na wengine. Tatizo lilikuwa gharama. Filamu ni pesa, kusafisha ni pesa, na hujui umeharibu nini mpaka siku ya tatu studio. Nani wa kuchezea roli nzima kwa ajili ya mzunguko wa tochi?

Kamera za dijitali zikaondoa gharama hiyo. Lakini taa nayo ilikuwa imebadilika, na jambo hilo husahaulika. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia huko Japani, alifanikisha taa ya LED ya buluu yenye mwanga mkali. Ukiipaka dawa ya kung'aa ya manjano unapata mweupe. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa ajili ya taa hiyo ya buluu. Balbu ya zamani ilikuwa ya moto, inakula betri, inapasuka ikidondoka. Hii ni baridi, ndogo, rahisi, na ina rangi. Ni taa hiyohiyo iliyoing'oa koroboi katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, iwe kwenye kitaa cha sola, tochi ya Kichina au mgongo wa simu. Vifaa ambavyo Marey alihitaji kiwanja kizima kuviendesha sasa vimelala kwenye droo ya jikoni pamoja na viberiti.

Umeme ukikatika, au ukiuzima mwenyewe, sebule inatosha. Simu inaegemezwa kwenye vitabu juu ya stuli, kamera inawekwa iache shata wazi sekunde 20 au 30. Tochi inafungwa karatasi ya peremende, nyekundu au kijani, kwa mpira. Tochi ileile ikichomekwa kwenye mdomo wa chupa ya plastiki inatoa ukanda mpana. Taa za kupambia harusi zikiburutwa zinaacha pazia. Kijiti cha udi kinachoungua ndicho kitamu zaidi kwa jicho langu: ncha yake ni ndogo na haina makali, basi huchora uzi mwembamba wa rangi ya kaa, na moshi haunaswi. Mchoraji avae nguo nyeusi na asisimame mahali pamoja, vinginevyo atatokea kama kivuli. Akitaka kuandika jina, aandike kawaida kisha picha igeuzwe.

Kuna kifaa kimoja cha jikoni ambacho nisingekishauri ndani ya nyumba. Ni zile nyuzi laini za chuma za kusugulia masufuria. Zinabanwa ndani ya mchapo wa mayai, mchapo unafungwa mnyororo, nyuzi zinaguswa na betri ya volti 9, zinashika moto. Ukizungusha, chembe za chuma zinaruka zikiwaka na picha inatoa mwavuli wa cheche. Chuma kigumu hakiungui hivi. Nyuzi huungua kwa sababu ni nyembamba mno, hewa inazifikia kila upande. Na cheche hazizimiki zikigusa chini. Februari 2016, huko Point Reyes, California, mashua kuukuu ya uvuvi iliyokwama mchangani na kupendwa sana na wapiga picha iliungua upande wa nyuma, na wazimamoto walishuku kwamba chanzo ni mchezo huu.

Kazi ya kupima nayo haikufa. Mwaka 2011, mjini Oslo, wabunifu Timo Arnall, Jørn Knutsen na Einar Sneve Martinussen walitengeneza fimbo ya urefu wa mita nne yenye taa 80. Fimbo ilisoma nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi, taa zikawaka nyingi au chache kulingana na nguvu hiyo. Walitembea nayo mitaani usiku mbele ya kamera iliyoachwa wazi, na ukuta wa mwanga ukasimama kando ya majengo, mrefu hapa, mfupi pale, ukianguka ghafla kwenye kona. Marey angeuelewa ukuta ule mara moja, bila kuelezwa Wi-Fi ni nini.

Mwaka 2014 kampuni ya Olympus iliweka ndani ya kamera zake mtindo wa kurundika picha nyingi fupi na kutunza mwanga mpya tu, na mwaka uliofuata simu ya Huawei P8 ilitoka na sehemu yake ya kuchora kwa mwanga. Faida ni kwamba mchoro unakua kwenye kioo mbele ya macho ya mtu, si baadaye. Ila kamera nzuri ya simu iko mgongoni, kwa hiyo kioo kinampa mchoraji kisogo. Basi nyumbani kazi huwa ya watu wawili: mmoja gizani na tochi, mwingine nyuma ya simu anapiga kelele, juu kidogo, rudi, umepita, hapo hapo. Mili hakuwa na namna ya kumfanyia Picasso hivyo, na sidhani kama Picasso angenyamaza.